Jiko la Uani

Hapa Moa, kama kwingine mwambao wa Tanga, wazee walijenga jiko uani, mbali na vyumba vya kulala, wakihofia moshi na moto kushika makuti. Ndani palikuwa na mafiga matatu na kuni za mikoko, ambazo huwaka kwa moto mkali. Juu ya moto kulikuwa na uchaga wa samaki na mahindi ya mbegu. Moshi ule ule uliotutoa machozi ndio uliofukuza fukusi. Waliojenga hivyo walijua wanachofanya.

Mkaa ukaja na jiko la bati, mafuta ya taa yakaja na jiko la mchina. Sasa ni zamu ya gesi: mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Tulipokarabati jiko la marehemu bibi, mama alikubali sinki, vigae na dirisha pana. Kwenye gesi akasita. Wali wa nazi hupaliwa makaa juu ya kifuniko ukauke taratibu, na mkate wa kumimina unataka moto juu na chini. Jiko dogo la mezani halina moto wa juu. Nikatafuta lenye oveni inayowaka pande zote mbili. Mtungi tukauweka nje ya ukuta.

Blenda ya kusagia nazi aliikataa katakata; anakuna kwa mbuzi. Mbuzi ya nazi hukaliwa chini, kwa hiyo kona ya mlangoni tuliiachia nafasi yake, hatukuweka kabati.