Sikio la Mpita Njia na Sikio la Mkaaji: Lugha ya Kiyagani katika Historia ya Safari za Bahari ya Kusini

1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu lugha ya pwani isiyokuwa ya pwani yetu. Lugha hiyo ni Kiyagani, iliyozungumzwa na watu wa mitumbwi katika ncha ya kusini ya bara la Amerika, ambako Chile na Argentina zinagawana kisiwa kikubwa cha Tierra del Fuego na visiwa vingi vinavyokizunguka. Yawezekana msikilizaji akauliza mada hii inaingiaje katika taaluma za Kiswahili. Jibu langu ni kwamba uchunguzi wa Kiswahili na ule wa Kiyagani uliofanywa na wageni kutoka Ulaya ulianza katika zama moja. Mabaharia wa jeshi lilelile walipima pwani zote mbili, na wamisionari wa mwelekeo mmoja wakafuata nyuma yao. Hata hivyo, hatima za lugha hizi mbili zimeachana kabisa. Katika kurasa hizi ninadai kwamba tofauti hiyo haikutokana na ubora wa kamusi wala wingi wa vitabu. Kamusi huhifadhi maneno. Lugha huhifadhiwa na watu walio hai, wenye mahali pa kukaa na watoto wa kusema nao.

2. Bahari na wenyeji wake

Wanajiografia huita fiodi ule mkono wa bahari ulioingia katika bonde lililochimbwa na barafu. Mswahili angeweza kuuita hori, ila hori zetu zina maji haba na kingo za mikoko, ilhali fiodi ina kina kirefu na kuta za mawe zinazopanda hadi kwenye theluji. Pwani ya kusini ya Chile imekatwakatwa na mikono ya namna hiyo. Mojawapo ya njia zake mashuhuri ni Mlangobahari wa Beagle, wenye urefu wa kilomita 240 hivi.

Siku hizi meli za utalii hupita humo wakati wa kiangazi cha kusini, takriban kuanzia Septemba hadi Aprili, zikisafiri kati ya Punta Arenas na Ushuaia. Abiria huonyeshwa mito ya barafu inayoshuka hadi baharini, pengwini katika visiwa vidogo vya Tucker, sili wakubwa katika Ghuba ya Ainsworth, pamoja na mnandi, pomboo na kondori. Bahari ikiwa tulivu, huteremshwa kwenye Rasi ya Horn na katika Ghuba ya Wulaia.

Wayagani waliishi kwa bahari hiyohiyo kwa maelfu ya miaka. Mtumbwi wao ulishonwa kwa magome ya miti, na katikati yake moto uliwaka juu ya udongo. Mwanamume alikaa mbele na chusa akiwinda sili. Mwanamke alishika kafi, akaufunga mtumbwi kwenye mwani, na ndiye aliyejua kuogelea na kupiga mbizi kutafuta chakula. Malundo ya makombe waliyoyaacha ufukoni yangali yanaonekana Wulaia.

Majina ya mahali yanatueleza historia nyingine. Wayagani waliuita mlangobahari huo Onashaga; ramani inautaja kwa jina la meli ya Kiingereza. Mito ya barafu iliyopangana upande wa kaskazini huitwa kwa majina ya mataifa ya Ulaya: Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uholanzi. Mmojawapo unaitwa Romanche, kwa jina la meli iliyowaleta wanasayansi wa Kifaransa katika miaka ya 1882 na 1883. Majina kama Ushuaia na Wulaia yamesalia kuwa ushahidi kwamba mahali hapo palikuwa na wenyewe kabla ya mpimaji kufika.

3. Sikio la mpita njia

Mwaka 1824 Kapteni Owen wa Jeshi la Majini la Uingereza, aliyekuwa akipima pwani ya Afrika, aliiweka Mombasa chini ya himaya ambayo serikali yake haikuithibitisha. Himaya hiyo ilikoma mwaka 1826. Mwaka huohuo jeshi hilo lilituma meli mbili, Adventure na Beagle, kupima pwani za kusini mwa Amerika. Kamanda wa Beagle, Pringle Stokes, alijiua mwaka 1828, na nafasi yake ikachukuliwa na Robert FitzRoy.

Mwaka 1830 FitzRoy aliwachukua wenyeji wanne na kuwapeleka Uingereza. Mmoja wao, aliyepewa jina Boat Memory, alikufa kwa ndui. Watatu waliobaki walisomeshwa Walthamstow, na mwaka 1831 wakapelekwa mbele ya Mfalme William IV. Wawili kati yao walikuwa Wakaweskari. Myagani alikuwa kijana Orundellico, ambaye Waingereza walimwita Jemmy Button. Walirudishwa na Beagle katika safari yake ya pili, Charles Darwin akiwa miongoni mwa abiria.

Desemba 1832 Darwin aliwasikia wenyeji wa Ghuba ya Good Success na kuandika kwamba usemi wao haukustahili hata kuitwa matamshi yanayopambanuka. Akakumbusha kuwa Kapteni Cook aliufananisha na mtu anayesafisha koo. Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi kana kwamba ilihusu Kiyagani. Ukweli ni kwamba ghuba hiyo ilikuwa katika nchi ya Wahaushi, watu wa lugha nyingine. Yaani mpita njia hakuwa amebainisha hata lugha aliyokuwa akiihukumu.

Hata hivyo, Darwin huyohuyo alishangaa kuona kwamba wenyeji waliweza kurudia kwa usahihi kila neno la sentensi waliyoambiwa na kuikumbuka kwa muda, jambo ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, Wazungu wasingeliweza kwa lugha ya wenyeji wa Amerika. Ushahidi wa kuipinga hukumu yake ulikuwa katika shajara yake. Aidha, aliona jinsi Jemmy, aliporudishwa Wulaia mwaka 1833, alivyoshindwa kuzungumza na ndugu zake kwa kuwa lugha ya mama ilikuwa imemtoka. Mwaka uliofuata meli iliporudi, Jemmy alikuwa ameoa, alikataa kurejea Uingereza, na alikuwa amewafundisha jamaa zake maneno ya Kiingereza.

4. Sikio la mkaaji

Mwaka 1844 Ludwig Krapf alifika Mombasa. Mwaka huohuo kiliundwa Uingereza chama cha kuwahubiria watu wa Patagonia. Mwanzilishi wake, Allen Gardiner, na wenzake sita walikufa katika Tierra del Fuego mwaka 1851, njaa ikiwa sababu kuu. Mwaka 1859 wamisionari na mabaharia wanane waliuawa Wulaia. Kazi ya lugha ilikuja kufanywa na kijana ambaye hakuwa amepitia chuo chochote cha isimu.

Huyo ni Thomas Bridges. Alipelekwa Kisiwa cha Keppel, katika visiwa vya Falkland, akiwa bado mvulana, akajifunza Kiyagani kwa kuishi na Wayagani walioletwa huko. Mwaka 1871 alihamia Ushuaia na mkewe Mary. Aliandika lugha hiyo kwa alfabeti ya kifonetiki ya Alexander Ellis, akatafsiri Injili ya Luka iliyochapishwa mwaka 1881, na kufikia mwaka 1879 alikuwa na muswada mkubwa wa kamusi. Hesabu inayotajwa ni maneno 32,000 hivi.

Mwanaisimu hatashangazwa sana na hesabu hiyo, kwa sababu Kiyagani, kama Kiswahili, hunyambua vitenzi kwa wingi. Tena kina hali ya uwili, ambayo Kiswahili hakina: watu wawili wana umbo lao la kisarufi, mbali na umoja na wingi. Neno mamihlapinatapai, lililosifiwa duniani kama neno lenye maana nyingi kwa herufi chache, ni mnyambuliko wa namna hiyo. Hutajwa kumaanisha kutazamana kwa watu wawili, kila mmoja akitumaini mwenziwe ataanza jambo ambalo wote wanalitaka. Linarudiwa leo na watu wengi ambao hawajapata kusikia sentensi moja ya Kiyagani.

5. Kamusi bila wasemaji

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule Ushuaia mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1884 Bridges alihesabu Wayagani wapatao 1,000. Mwaka huohuo meli za serikali ya Argentina zilifika kuanzisha utawala, na mara ukazuka ugonjwa wa surua. Miaka miwili baadaye hawakufika 400. Wakati huohuo wawindaji wa sili na nyangumi walikuwa wamepunguza mno chakula chao, na wafugaji wa kondoo wakatwaa ardhi. Hivyo kamusi ilikuwa ikikua huku wasemaji wakipungua.

Hata muswada wenyewe ulipata misukosuko. Daktari Frederick Cook, wa msafara wa meli Belgica, aliuchukua, na baada ya Bridges kufa mwaka 1898 alijaribu kuutoa kwa jina lake. Kamusi ilichapishwa Austria mwaka 1933 kwa uhariri wa Ferdinand Hestermann na Martin Gusinde, zaidi ya miaka 50 tangu kuandikwa. Kufikia wakati huo Wayagani hawakuzidi mia.

Cristina Calderón alizaliwa mwaka 1928 katika Kisiwa cha Navarino. Alikua akisema Kiyagani, Kihispania akakijifunza baadaye. Shemeji yake Emelinda Acuña alipofariki mwaka 2005, hakubaki mtu mwingine wa kuzungumza naye kwa umilisi kamili. Mwaka huohuo alichapisha na mjukuu wake kitabu cha hadithi za wazee wao. Alifariki tarehe 16 Februari 2022. Jamii yake ipo, na binti yake Lidia González aliiwakilisha katika Mkutano wa Katiba wa Chile uliofanyika 2021 na 2022. Wapo vijana wanaojifunza maneno ya bibi zao, na kamusi ya Bridges ni miongoni mwa nyenzo zilizopo. Faida hiyo tusiidharau. Lakini wanaanza kujifunza pale ambapo urithi ulikatika.

6. Hitimisho

Edward Steere alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, na kamusi ya Krapf ikatoka mwaka 1882. Tumezoea kuwashukuru kana kwamba wao ndio walioiokoa lugha yetu. Kiswahili kilikuwa na waandishi wake kwa hati ya Kiarabu karne nyingi kabla yao, kilikuwa na miji, biashara na watoto. Kingeendelea kuwapo hata kama miswada yao ingezama baharini.

Funzo la pili ni gumu zaidi. Tunaposoma habari za Kiyagani, ni rahisi kujiona tuko ndani ya mtumbwi na Kiingereza ndicho meli. Lakini Kiaasaksi na Kikwadza, lugha za Kikushi za Tanzania, hazikumezwa na Kiingereza. Wasemaji wake walihamia Kimaasai na Kigogo, lugha za majirani zao. Kielmolo cha Ziwa Turkana kiliachwa kwa ajili ya Kisamburu. Kwa lugha ndogo ya jirani, lugha yoyote kubwa yaweza kuwa meli, na Kiswahili, kilicho lugha ya shule, soko na redio, ni kikubwa kuliko Kimaasai, Kigogo na Kisamburu.

Wanafunzi wetu huenda vijijini kwa majuma mawili na kinasa sauti, hurudi na orodha ya maneno 500, wakaandika tasnifu. Hiyo ni kazi halali na inahitajika. Lakini ni kazi ya mpita njia. Idara zetu zinapaswa kugharimia ukaaji wa muda mrefu, kuwafundisha wasemaji wenyewe kuandika lugha yao, na kutoa ushauri wa dhati ili mtoto aanze darasa la kwanza kwa lugha ya nyumbani kwake, Kiswahili kikifuata bila kuifukuza. Mambo hayo yakifanyika wakati wasemaji wangali wengi, gharama yake ni ndogo. Akibaki msemaji mmoja, hakuna bajeti inayotosha.