Kasoro nazo zina kichwa chake

Mwongozo wa kwanza wa Unix ulitoka Novemba 1971. Ken Thompson na Dennis Ritchie waliipa kila amri maelezo yenye vichwa vilevile, kwa mpangilio uleule: jina, muhtasari, maelezo, hadi kasoro. Ndiyo, kasoro! Watunzi wanakiri wenyewe, tena pale pale kila mara, msomaji hahangaiki.

Nikiusoma huku Kendwa nakiwaza Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, ili Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zisome vitabu vya lugha moja. Kitumbatu cha huku kaskazini kikabaki cha nyumbani na baharini. Usanifu ule umenisomesha, siukatai. Ila kila nikifungua kamusi nakitafuta kile kichwa cha kasoro, sikioni.