Kiharusi Kinachoacha Moto Mwilini

Leo nitawasimulia historia kidogo, kwa sababu kuna wagonjwa manyumbani wanaoteseka na hawaaminiwi.

Katika ziara zangu nilimkuta mama mmoja mzee aliyekuwa amepatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vimepata nguvu tena, hata aliweza kutembea hadi kwa jirani. Lakini baada ya miezi miwili alianza kulia kwamba leso ikigusa mkono ule inamchoma kama makaa, na maji baridi yanamuunguza. Mke wa mwanawe akaniambia, "Sista, mama anadeka tu." Majirani walisema amerogwa. Nami, nakiri mbele yenu, nilimwachia tembe za parasetamoli nikaenda zangu. Hazikumsaidia hata kidogo.

Mama yule alikuwa akisema kweli, na ukweli huo uliandikwa tangu mwaka wa 1906.

Mwaka huo, mjini Paris, Ufaransa, madaktari Joseph Jules Dejerine na Gustave Roussy walieleza aina moja ya kiharusi. Kupooza kwake ni kwa kiasi na hupungua upesi. Kinachobaki ni ganzi ya upande mmoja, mkono unaokosa shabaha, kushindwa kutambua kitu ulichoshika bila kukitazama, na maumivu makali yasiyosikia dawa. Walipochunguza ubongo wa wagonjwa waliofariki, walikuta jeraha katika sehemu iitwayo thalamasi.

Thalamasi ni nini? Jina hilo limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni chumba cha ndani. Ziko mbili, kulia na kushoto, katikati kabisa ya ubongo, na kila moja ina urefu wa kama sentimita 3. Mimi huifananisha na steji kuu ya matatu. Habari za mguso, joto, baridi, maumivu, kuona na kusikia hupitia hapo kabla ya kufika sehemu ya juu ya ubongo. Harufu peke yake ndiyo yenye njia yake nyingine. Steji ikiharibika, kuna abiria wasiofika, na wengine hushushwa pasipo pao. Ndiyo maana mguso mwepesi wa leso hufika ukiwa moto. Na kwa kuwa njia hizi huvuka, jeraha la kulia huumiza upande wa kushoto.

Mwaka wa 1911, madaktari Henry Head na Gordon Holmes wa Uingereza waliandika juu ya wagonjwa kama hao. Mmoja wao alishindwa kwenda ibadani kwa sababu nyimbo zilimsumbua katika upande wake ulioathirika. Hebu fikiria, msikilizaji, mtu huyo angesema hivyo kijijini kwetu, tungemwitaje?

Kwa miaka mingi jeraha lilithibitishwa baada ya kifo tu. Kisha, tarehe 1 Oktoba 1971, mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield ilipiga picha ya ubongo wa mgonjwa aliye hai huko London. Mwaka wa 1989 watafiti wa Uswidi waliwajaribu wagonjwa 15 wenye maumivu haya, wakaona kwamba dawa ya amitriptilini iliyapunguza kuliko kidonge kisicho na dawa. Hadi leo inatumika, ingawa haimfai kila mtu. Huleta usingizi, na wenye ugonjwa wa moyo huhitaji uangalifu. Usiinunue bila kuonana na daktari.

Tujikinge vipi? Mishipa inayolisha thalamasi ni myembamba sana, na presha ya damu iliyopanda kwa miaka huiharibu. Mkanda ninaowafunga mkononi ulianza na daktari Scipione Riva-Rocci huko Italia mwaka wa 1896, na sauti tunazosikiliza kwa kipimo zilielezwa na Mrusi Nikolai Korotkov mwaka wa 1905. Ni kipimo cha dakika chache. Ukiambiwa 140 juu ya 90 au zaidi, rudi upimwe tena, na ukipewa dawa usiiache eti kwa sababu unajisikia vizuri.

Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, au upande mmoja ukifa ganzi, kimbilia hospitali kubwa na ukumbuke saa dalili zilipoanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu, baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Kwa hiyo usimpe mgonjwa aspirini nyumbani.

Mama yule nilimrudia, nikamwomba msamaha, nikampeleka kwa daktari. Maumivu hayajaisha, lakini usiku analala. Mke wa mwanawe sasa humpashia maji ya kuoga na humvisha nguo laini upande ule.

Mgonjwa wako akikwambia anaungua, muamini kwanza, kisha mtafutie matibabu. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kwaherini, na Mungu awape afya njema.