Homoni za kiume uzeeni: Tiba halisi au tamaa ya ujana?

WAHENGA walinena kuwa ujana ni moshi, ukienda haurudi. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja wanaume wamekuwa wakiahidiwa kwamba moshi huo waweza kurejeshwa mekoni kwa sindano, jeli ya kupaka au kibandiko cha ngozini chenye testosteroni.

Testosteroni ndiyo homoni kuu ya kiume. Hutengenezwa hasa katika korodani, kwa amri inayotumwa kupitia damu na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ndiyo inayomwotesha mvulana ndevu na kuifanya sauti yake kuwa nzito. Aidha, huimarisha misuli na mifupa, huchochea ashiki, na husaidia mwili kuunda mbegu za uzazi na chembechembe nyekundu za damu.

Tofauti na mwanamke, ambaye homoni zake hupungua sana anapokoma hedhi, mwanamume hupoteza zake pole pole, takriban asilimia 1 kwa mwaka kuanzia umri wa miaka 30 au 40. Wengi huzeeka bila kuhitaji dawa yoyote.

Historia ya tiba hii ilianza kwa kioja. Mnamo 1889 jijini Paris, Charles-Édouard Brown-Séquard, mtaalamu mashuhuri wa fiziolojia aliyezaliwa Mauritius, aliwatangazia wanasayansi wenzake kwamba alikuwa amejidunga majimaji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na simbilisi. Akiwa na umri wa miaka 72, alidai kuwa nguvu zake zilikuwa zimemrejea. Leo inafahamika kwamba majimaji ya aina hiyo hayana homoni ya kutosha kuleta mabadiliko hayo. Yaelekea kilichomtia nguvu mzee huyo ni imani yake. Alifariki mwaka wa 1894.

Homoni yenyewe ilipatikana mwaka wa 1935, wakati kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam lilipoitenga kutoka korodani za fahali. Mwaka uo huo, Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kivyake, waliiunda katika maabara. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1939.

Ni nani basi anayestahili tiba hii? Madaktari husisitiza mambo mawili: mgonjwa awe na dalili, na vipimo vya damu iliyotolewa asubuhi, katika siku mbili tofauti, vithibitishe kuwa homoni imepungua. Asubuhi huchaguliwa kwa sababu ndipo kiwango huwa juu zaidi. Kisha sababu hutafutwa. Huenda ikawa uvimbe katika pituitari, korodani zilizoumia, unene wa kupindukia, kisukari, au matumizi ya muda mrefu ya dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Anayekimbilia sindano bila uchunguzi huenda akaufunika ugonjwa uliohitaji tiba nyingine.

Wenye upungufu halisi ni wachache kuliko inavyodhaniwa. Utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya na kuchapishwa mwaka wa 2010 ulibaini kuwa ni asilimia 2.1 pekee ya wanaume wenye umri wa miaka 40 hadi 79 waliotimiza masharti ya ugonjwa huo. Uchovu, huzuni na usingizi wa mang'amung'amu vina vyanzo vingi.

Kuhusu manufaa, majaribio yaliyofanyiwa wanaume 790 wa miaka 65 na zaidi nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2016, yalionyesha kuwa ashiki iliongezeka kwa kiasi na moyo ukachangamka kidogo, lakini uchovu haukuondoka. Matokeo ya 2017 yaliongeza kuwa upungufu wa damu ulipungua na mifupa ikashikamana zaidi, ila kumbukumbu haikuboreka.

Hofu kuu imekuwa moyo. Mwaka wa 2015, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza dawa hizi ziwe na onyo kuhusu mshtuko wa moyo na kiharusi, na kusema kuwa hazikuidhinishwa kwa sababu ya uzee pekee. Jaribio kubwa la 2023, lililohusisha zaidi ya wanaume 5,200 wenye maradhi ya moyo au waliokuwa katika hatari ya kuyapata, lilipunguza hofu hiyo: waliopatwa na maafa ya moyo au kiharusi walikuwa asilimia 7.0 kwa waliotumia homoni na 7.3 kwa wasioitumia. Ndiposa mwaka wa 2025 mamlaka hiyo ikaagiza onyo lirekebishwe, huku tahadhari kuhusu shinikizo la damu ikiongezwa. Lakini jaribio lilo hilo lilibaini visa zaidi vya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda mapafuni na madhara ya figo. Mwaka wa 2024 ikabainika kuwa hata kuvunjika mifupa kuliongezeka.

Lipo pia jambo ambalo wengi hawalijui. Mwili ukipokea homoni kutoka nje, pituitari husitisha amri zake. Korodani husinyaa na mbegu za uzazi hupungua, hata kutoweka. Anayetamani mtoto huenda akaidhuru azma yake kwa dawa aliyodhani itamwongezea uanaume, na mbegu zaweza kuchukua miezi mingi kurejea.

Kwa sababu hizo, anayetumia tiba hii hupimwa mara kwa mara wingi wa chembechembe nyekundu za damu pamoja na hali ya tezi dume. Mwenye saratani ya tezi hiyo kwa kawaida hapewi. Anayetumia jeli hushauriwa kuifunika ngozi iliyopakwa, ili watoto na mkewe wasiiguse.

Humu nchini, nguzo za umeme na kuta za mijini hazikosi matangazo ya dawa za nguvu za kiume zinazouzwa bila kipimo chochote cha damu. Anayeona haya kumweleza daktari huishia huko, ilhali pengine dalili zake zingetoweka kwa kupunguza uzani, kutibu kisukari au kubadilishiwa dawa anazotumia.