Asili na Matumizi ya Istilahi "Akaunti" katika Kompyuta

Mtu anaposakinisha mfumo endeshi katika kompyuta, huulizwa jina la mtumiaji na nywila. Kwa majibu hayo hufunguliwa akaunti ya kwanza. Yamkini mfasiri akauliza: je, neno "akaunti", lililozoeleka katika benki, lafaa mahali pasipo na fedha? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba historia yalihalalisha.

Mnamo Novemba 1961, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa pamoja. Mashine hiyo ilikuwa ghali mno, hivyo ikabidi kila mtu apimiwe saa zake, na mafaili yake yatengwe na ya wenzake. Ndiyo sababu nywila ilihitajika. Kwa hiyo basi, akaunti ilikuwa hesabu hasa, ila iliyohesabiwa ni muda. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa udaktari aliyepewa saa 4 tu kwa juma, alilichapisha faili la nywila zote ili atumie saa za wengine.

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Maabara ya Bell mwaka 1969, ulitofautisha wazi uwezo wa watumiaji. Mtumiaji mwenye namba 0, aitwaye root, yaani mzizi, hazuiwi na kitu; aweza hata kuufuta mfumo mzima.

Uwezo huo umegawiwa kwa njia mbalimbali. Katika Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, akaunti zilizofunguliwa wakati wa kusakinisha zilipewa uwezo wa msimamizi. Programu haribifu iliyoingia kupitia akaunti hiyo ilirithi uwezo wote. Ubuntu, iliyotolewa Oktoba 2004, ilifuata njia nyingine: akaunti ya root ilifungwa, na mtumiaji wa kwanza akawa anaazima uwezo huo kwa kitambo, baada ya kuandika nywila yake tena.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, "akaunti" ibaki. Pili, "msimamizi" litumike kwa mwenye uwezo wa kubadili mfumo, wala lisifasiriwe "mkuu" au "mwenye kompyuta". Usimamizi ni kazi, si cheo wala milki; mkuu wa ofisi aweza kuwa mtumiaji wa kawaida, na karani wake akawa msimamizi. Tatu, "root" lisifasiriwe katika maelekezo, kwa kuwa ni jina linaloandikwa kama lilivyo. Mwanafunzi atakayeandika "mzizi" atakataliwa na mashine, naye atadhani amekosea nywila, kumbe aliyekosea ni mfasiri.