Sanduku la Spika Lilivyonyamazishwa

Mwaka 1965 Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, alimwendea Jim Marshall, mwenye duka la vyombo vya muziki huko Hanwell, magharibi mwa London, akitaka amplifaya ya wati 100. Juu ya hiyo akaagiza sanduku moja lenye spika nane za inchi 12. Likaundwa. Wabebaji wa bendi wakalalamikia uzito wake, basi likagawanywa: masanduku mawili ya spika nne nne, moja juu ya jingine. Ule mnara mweusi wa majukwaa ya roki ulianzia hapo.

Kelele ilikuwa na sababu yake. Amplifaya ya valvu hutoa mkwaruzo mtamu ikisukumwa hadi ukingo wa uwezo wake, na ya wati 100 haifiki ukingo huo kimyakimya. Mei 31, 1976, katika uwanja wa Charlton, The Who walipimwa desibeli 126 umbali wa mita 32. Miaka mingi baadaye Townshend alieleza waziwazi jinsi masikio yake yalivyoharibika na kuvuma bila kukoma. Hiyo ni gharama kubwa mno kwa ajili ya ladha ya sauti.

Aliyetafuta njia nyingine alikuwa mhandisi. Tom Scholz, msomi wa MIT na mfanyakazi wa Polaroid, alirekodi sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya bendi yake, Boston, ndani ya chumba cha chini cha nyumba yake. Kwanza alitengeneza Power Soak, kifaa kinachokaa kati ya amplifaya na spika na kugeuza nguvu ya ziada kuwa joto. Kisha, mwaka 1982, akatoa Rockman: kijisanduku cha betri, cha kuning’iniza mkandani na kusikilizia kwa hedifoni.

Spika ya gitaa haitoi sauti tu, huichuja pia. Juu ya hezi 5,000 hivi huanza kukata. Ukichomeka gitaa lenye mkwaruzo moja kwa moja kwenye mixa, utasikia nyuki waliofungiwa koponi. Rockman ilikuwa na saketi ya kuiga mchujo huo, na bendi ya Def Leppard iliitumia sana katika albamu ya Hysteria ya 1987. Baadaye kompyuta zikachukua kazi hiyo: mlio wa majaribio hupitishwa kwenye sanduku halisi, maikrofoni huunasa, na tabia ya sanduku huhifadhiwa kama faili.

Lakini tatizo la kiwango cha sauti halikuondoka. Faili mbili za masanduku mara nyingi hazilingani ukubwa wa sauti, na sikio huipenda ile yenye sauti kubwa zaidi hata kama si bora. Tena mitambo ya kidijitali ina dari: ukiligonga, wimbi hukatwa kichwa, na mkwaruzo wake hauna utamu wowote wa valvu.

Gumu zaidi limo ndani ya sikio lenyewe. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi kwa shida. Kwa hiyo mpigaji anayepanga gitaa lake usiku kwa hedifoni, majirani wamelala, huongeza besi mpaka aridhike. Kesho yake ukumbini, sauti ikifunguliwa, besi hiyo humeza ngoma na gitaa la besi. Wazoefu husawazisha kwanza ukubwa wa sauti wa faili zao, huacha nafasi chini ya dari, kisha hupanga upya papo hapo ukumbini, spika zikiwa kwenye kiwango cha onyesho.