Joe Gans na Mzani wa Goldfield

Nimefundisha ngumi Dar es Salaam tangu ujana wangu, nami huwasimulia vijana wangu habari za Joe Gans kabla ya Muhammad Ali. Gans alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1874, akafanya kazi soko la samaki kabla ngumi hazijaanza kumlisha. Mwaka 1900 alishindwa na bingwa Frank Erne baada ya kuumia jicho. Mei 1902, huko Fort Erie, Kanada, wakakutana tena. Safari hii Erne alilala raundi ya kwanza, Gans akatwaa ubingwa wa dunia wa uzani mwepesi. Kabla yake hakuna mweusi mzaliwa wa Marekani aliyewahi kushika taji la dunia.

Lipo doa, nami silifichi. Pambano lake na Terry McGovern, Chicago, mwishoni mwa 1900, lilionekana wazi kuwa limeuzwa, na ndondi zikapigwa marufuku mjini humo.

Lakini ninayemheshimu ni Gans wa Goldfield, mji wa machimbo ya dhahabu kwenye jangwa la Nevada, tarehe 3 Septemba 1906. Promota Tex Rickard alianika dola 30,000 za sarafu za dhahabu dirishani ili watu waamini pesa ipo. Gans alikuwa bingwa, lakini pia alikuwa mweusi asiye na kitu mfukoni, kwa hiyo masharti aliyapanga meneja wa mpinzani wake, Battling Nelson. Nelson angechukua zaidi ya dola 20,000, Gans 11,000. Tena Gans asizidi ratili 133, kama kilo 60, akiwa amevaa vifaa vyake vya ulingoni, na apimwe mara tatu siku hiyohiyo ya pambano.

Hapo kwenye mzani ndipo panaponiuma. Nimewaona mabondia wakikimbia juani na nailoni chini ya sweta, wakitema mate kwenye chupa wakitafuta robo kilo ya mwisho, midomo imepasuka na mate yenyewe hayatoki. Bondia akishuka tu kwenye mzani, mkono unakwenda kwenye maji, kisha uji, kisha alale, mwili urudi. Gans hakuachiwa hata nafasi hiyo. Kipimo cha mwisho kilikaribiana na kengele. Maji yoyote aliyokunywa kabla yake yangesomeka kwenye mzani.

Akapanda ulingoni hivyohivyo, katika joto la jangwa, pambano la kupigana mpaka mmoja ashindwe. Nelson alikuja kwa kichwa na viwiko. Gans alimkwepa, akamchapa ngumi fupi zilizonyooka, na hata mkono wake wa kulia ulipovunjika raundi ya 33 aliendelea. Raundi ya 42, baada ya karibu saa tatu, Nelson akampiga chini ya mkanda na refa George Siler akampa Gans ushindi.

Kwa fedha zile alifungua Hoteli ya Goldfield, Baltimore, ambako kijana Eubie Blake alipiga piano. Mwaka 1908 Nelson alimpiga mara mbili, kwa KO raundi ya 17 na ya 21. Wapo wanaopenda kuanzia hapo wakitaka kuwalinganisha wawili hao. Mimi sikubali: kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kumwingia Gans, na Agosti 1910 kilimuua, akiwa na miaka 35. Anayetaka kujua nani alikuwa bondia bora ahesabu zile raundi 42.